Ugomvi wodini: waulizeni wagonjwa ulianzia wapi

Wauguzi wa wodi ya afya ya akili wanajua ugomvi ulivyoishia: nani alirusha sahani, nani alichomwa sindano kwa nguvu. Ulikoanzia anakujua mgonjwa. Akishatulia, mara nyingi atakueleza kwamba aliomba kumpigia mama yake simu, akaambiwa "ngoja", akangoja tangu asubuhi hadi jioni.

Hapa Uganda, iwe ni Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, au kitengo cha hospitali ya rufaa ya mkoa kama Mbarara au Gulu, anzeni na kikao cha wodi: nusu saa, mara moja kwa wiki, siku na saa ileile, watu wasiozidi 12 wakiwa wameketi duara. Kikao kiwe kabla ya dawa, kwa sababu baada ya klopromazini, dawa ya ugonjwa wa akili, wengi husinzia. Aongoze mtu aliyewahi kulazwa akapona, au muuguzi asiye na sauti katika kuruhusu watu kwenda nyumbani. Askari abaki nje. Kiganda peke yake hakitoshi: wodi moja huwa na Mwacholi, Mnyankole na mkimbizi kutoka Kongo, na hapo Kiswahili husaidia sana.

Msiulize "mna malalamiko?" Anayeogopa kucheleweshewa ruhusa atajibu hana. Ulizeni hivi:

- Wodi huchafuka saa ngapi, na mahali gani?
- Uliomba nini ukanyimwa bila kuelezwa sababu?
- Hasira ikianza kukupanda, nini hukutuliza?

Asiyezungumza mbele za watu afuatwe faragha siku hiyohiyo. Majibu yaandikwe kwenye daftari: saa, mahali, chanzo. Baada ya wiki nne mtaona yanakorundikana, kwa kawaida kwenye foleni ya dawa, kwenye mgao wa posho (ugali) na maharage, mlangoni, na katika saa ndefu za mchana zisizo na shughuli yoyote.

Mgao hurekebishwa kwa upawa mmoja kwa wote, na mkumbuke kwamba baadhi ya dawa hizi huongeza njaa, kwa hiyo anayedai nyongeza huenda ana njaa kweli. Saa za simu zibandikwe ukutani. Neno "hapana" lisitoke peke yake: taja sababu, taja lini itawezekana, toa kinachowezekana sasa.

Lalamiko moja lisipuuzwe kamwe: "siwezi kukaa". Haloperidoli, dawa nyingine ya ugonjwa wa akili, inaweza kumfanya mtu ahisi miguu haitulii, akazunguka na kugombana na kila anayemzuia. Zamu ikidhani ugonjwa umepanda, huongeza dozi, na hali huzidi kuwa mbaya. Mwulizeni kama kutotulia huko kulianza baada ya dawa, na daktari aambiwe kabla ya sindano nyingine. Nadhani hapa ndipo sauti ya mgonjwa inapookoa mengi kuliko popote.

Ugomvi ukitokea, keti naye ndani ya siku mbili, ametulia, ameshakula. Waliokuwa wakitazama nao huogopa. Wazungumzieni jioni ileile.

Kule London na maeneo ya jirani, Uingereza, timu ya Len Bowers, mtafiti wa uuguzi wa afya ya akili, ilipima hatua 10 za namna hii katika wodi 31. Matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha ugomvi ukipungua kwa asilimia 15, na hatua za kudhibiti wagonjwa, kama kuwatenga na kuwashika kwa nguvu, kwa takriban asilimia 26. Zamu yenye muuguzi mmoja au wawili haitaweza hatua 10 kwa pamoja. Chagueni mbili mzishike miezi mitatu.

Kinachoua kazi hii ni kikao kugeuka mahubiri, au maneno ya mgonjwa kuandikwa kwenye faili lake kama dalili ya ugonjwa. Kingine ni ukimya. Kabla ya kikao kinachofuata, bandikeni kila ombi na jibu lake, hata kama jibu ni kwamba limeshindikana, na sababu yake.