Jinsi ya kutafiti historia ya taarab kwa kuufuata wimbo mmoja

Chagua wimbo mmoja tu. Najua una mada kubwa kichwani, pengine umeshaiandika kabisa kwenye pendekezo la utafiti, "nafasi ya taarab katika utambulisho wa watu wa pwani" au kitu cha namna hiyo, na msimamizi kaikubali, lakini ukiingia nayo mtaani hivyo hivyo kila utakayemuuliza atakupa yale yale yaliyoandikwa miaka yote, kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar aliupenda muziki wa Misri, akamtuma Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa, jamaa akarudi akawafundisha wenzake, basi. Hayo utayapata popote. Wimbo mmoja lakini una mtunzi, una mwimbaji, una kikundi, una siku ulipoimbwa mara ya kwanza, na mara nyingi sana una mtu aliyeudhika. Ukiufuata huo mpaka mwisho utajikuta umeshika historia ya mtaa mzima bila kuiomba.

Chagua wenye rekodi zaidi ya moja ukiweza, na chagua unaoupenda, maana utausikiliza mpaka uuote.

Sasa kabla hujasoma kitu chochote kuuhusu, kaa nao wiki nzima. Usikilize kwa spika nzuri au hedifoni, sio ile spika ya simu, halafu uandike kinachotokea kwa mpangilio wake: wanaanza na bashrafu, yaani kipande cha ala tupu cha kufungulia, au wanaingia moja kwa moja, fidla zinajibizana na nani, kuna ganuni au akodiani, dumbaki, ile ngoma ndogo ya mkono, inapiga mdundo gani, waitikiaji wanaingia wapi. Kama unajua kidogo zile ngazi za sauti za Kiarabu, yaani makamu, andika unachodhani ni ipi, na kama hujui mtafute mpigaji udi akuoneshe kwa vidole, ni saa moja tu ya kazi na itakuokoa kuandika maneno ambayo mpiga muziki yeyote akiyasoma atajua hukusikiliza.

Maneno ya wimbo yaandike mwenyewe, usikopi ya mtandaoni. Hapa kuna kitu kinasaidia sana na watu wanakisahau, nyimbo nyingi za taarab zimetungwa kwa beti za mistari mitatu mitatu, kila mstari mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho, kwa hiyo ukishaandika hesabu mizani na uangalie vina. Ukiona mstari una mizani kumi na nne, au kina cha kati kimekataa, mara nyingi umesikia vibaya, rudi ukasikilize tena. Zipo tungo zinazotoka nje ya utaratibu huo lakini hakikisha kwanza kosa sio la sikio lako. Na lahaja usiisahihishe. Mwimbaji akisema "mato" usimwandikie "macho", hilo "mato" ndilo linaloweza kukwambia mtunzi katokea Lamu au Mombasa na sio Unguja mjini, na umelifuta kwa kutaka Kiswahili cha shuleni.

Ukiwa na santuri za zamani, zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, jua kwamba upande mmoja ulikuwa unabeba kama dakika tatu tu. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Zanzibar, alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, kilichoingia kwenye ile sahani ni kipande kilichokatwa kutosha, sio wimbo kama ulivyoimbwa barazani usiku watu wametulia. Kwa hiyo ukiandika "wimbo huu una beti chache" bila kusema kwamba sahani ndiyo iliyokuwa fupi, umemsingizia mtunzi. Angalia pia lebo na namba zake zote, ile ya katalogi iliyochapwa kwenye karatasi na ile iliyochongwa kwenye sahani yenyewe karibu na lebo. Hii ya pili ndiyo inayofuata mpangilio wa kurekodi, na kwa kulinganisha namba za sahani kadhaa unaweza kujua zipi zilirekodiwa pamoja hata kama ziliuzwa nyakati tofauti. Piga picha pande zote mbili, hata upande usiokuhusu.

Baada ya hapo ndio karatasi. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, za Tanzania Bara ziko Dar es Salaam, na ukienda usiulize "mafaili ya taarab" kwa sababu karani wa kikoloni hakuwa na faili la jina hilo kichwani mwake, yeye alikuwa na polisi, vibali vya ngoma, malalamiko ya kelele, vilabu na vyama, mambo ya mahakama. Muziki umejificha humo. Kuna ule wimbo maarufu wa Siti kuhusu Kijiti, unaosimulia mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatoroka, na unalalamika jinsi kesi ilivyokwenda, sasa wimbo kama huo unakutuma wenyewe kwenye mambo ya mahakama na magazeti ya wakati ule, na ukiviweka pamoja ndio unaona wimbo ulichukua nini na uliacha nini, na kilichoachwa ndio kitamu zaidi. Magazeti usiyadharau hata kidogo. Mambo Leo lilianza kutoka Tanganyika mwaka 1923, na kwenye magazeti ya enzi hizo barua za wasomaji na matangazo ya sherehe mara nyingi zina faida kuliko habari za ukurasa wa kwanza.

Kitu kitakachokuchanganya ni majina. Kikundi kile kile utakikuta hapa kinaitwa Culture Musical Club na pale kinaitwa Mila na Utamaduni. Kwenye muziki wa dansi ndio zaidi, bendi ya NUTA Jazz ikaja kuwa JUWATA, ikaja kuwa OTTU, watu mtaani wanasema Msondo tu. Neno lenyewe utalikuta limeandikwa taarab, taarabu, tarabu. Tengeneza orodha yako ya majina yote na tahajia zote tangu siku ya kwanza, na kila ukikutana na jipya liongeze pamoja na mwaka ulioliona, maana jina kubadilika sio bahati mbaya, Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964 na Bara baada ya uhuru vikundi vingi viliguswa na vyama na serikali, na jina ndio mahali pa kwanza hilo linapoonekana. Kwa kipindi cha miaka ya sabini na themanini usiishie kwenye santuri, kazi kubwa ya kurekodi nchini ilifanyika redioni, kwa hiyo kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo sasa ziko chini ya TBC, ni hazina, omba kwa barua na uwe na subira. Na vingine viko mbali kabisa, kule Berlin kuna jumba la rekodi lililoanza 1900 lenye silinda za nta, zile za kurekodia sauti kabla ya sahani, zilizorekodiwa huku enzi za Wajerumani, na Makhanda, Afrika Kusini, kuna rekodi alizokusanya Hugh Tracey akizunguka huku kwetu. Waandikie barua pepe, usingoje mpaka upate nauli.

Sasa watu, na hapa ndipo pa kukaa.

Usimwendee mzee na karatasi ya maswali ishirini. Nenda na wimbo kwenye simu na spika ndogo, amkia, kaa, ongea mambo mengine kwanza, akiwa tayari mwambie "bibi, nina wimbo huu naomba unisaidie", uwashe, halafu unyamaze. Unyamaze kweli. Wimbo ukiisha usirukie swali, mara nyingi ataanza mwenyewe, atataja mtu, atacheka, atasema "mh, huu!" na hapo ndipo utafiti wako ulipo. Mara yangu ya kwanza nilimkatiza mama mmoja nikimuuliza mwaka, kwa sababu nilikuwa na kisanduku cha mwaka cha kujaza, akanijibu mwaka na ile hadithi aliyokuwa anaifungua hakuirudia tena siku zote nilizomwendea baadaye. Mpaka leo inaniuma.

Swali la mwaka litafutie njia nyingine. Uliza "ulikuwa umeshaolewa?", "ilikuwa kabla ya mapinduzi?", "nani alikuwa anauimba kabla ya huyu?", watu wanakumbuka kwa harusi, kwa misiba, kwa nyumba waliyokuwa wakiishi, na ukikusanya kumbukumbu za watu watano za namna hiyo mwaka unajitokeza wenyewe, tena wa kuaminika zaidi kuliko ule unaotajwa kwa kukisia ili kukuridhisha.

Na usiwaulize waimbaji na wapigaji peke yao. Taarab inafanywa na wasikilizaji pia, yule anayeinuka ubeti ukifika pale panapomgusa, anakwenda kutunza, noti juu, anazungusha macho ukumbini mpaka yakutane na ya mtu fulani. Pale wimbo umebadilika mwenyewe. Mtunzi aliutunga kwa kisa chake, mwimbaji anauimba kwa kazi yake, lakini huyu mama kauchukua na kaurusha kwa hasimu wake na ukumbi mzima unajua. Kwa hiyo uliza "ulikuwa unautunza ubeti upi?" kabla hujauliza "una maana gani?", kwa sababu maana ya fumbo ukiiuliza kavu kavu utapewa ya kitabuni, kwamba ua ni mwanamke na chombo ni ndoa, na kazi yenyewe ya fumbo ni kumwezesha mtu kusema na kukana. Ukimlazimisha alifumbue mbele ya kinasa sauti unamnyang'anya ile nafasi ya kukana. Akikwambia "wenyewe wanajua", andika hivyo hivyo, wenyewe wanajua, hilo ni jibu kamili.

Kuhusu utambulisho, neno lenyewe liache nyumbani. Ukimuuliza mtu "wewe ni Mswahili?" kuna mahali atasema ndiyo kwa fahari, kuna mahali atakutajia kabila au mji wake, na kuna mahali atadhani unamtukana, maana neno hilo nalo lina mtaa wake na tabaka lake. Sikiliza anaposema "sisi" na "wale", andika nani yumo kila mara, utaona "sisi" inapanuka na kusinyaa ndani ya mazungumzo ya nusu saa. Mtu wa Lamu atakwambia asili ya taarab ni kinanda cha kwao, kile cha nyuzi, wa Unguja atakupeleka kwa Barghash na kikundi cha Ikhwani Safaa cha 1905, wa Tanga atakukumbusha vikundi vya Black Star na Lucky Star na magitaa yao, na karibu kila mzee atakwambia hii ya sasa yenye kinanda cha umeme na mipasho wazi wazi sio taarab. Kazi yako hapo sio kumtafuta mshindi. Andika nani anasema, lini, na kwake inamaanisha nini kuwa mwenye asili, halafu urudi kwenye wimbo wako uone una nini ndani, ukikuta mdundo wa ngoma ya bara, ala ya Kihindi na ushairi wa Kimvita, yaani wa Mombasa, kwenye dakika tatu hizo hizo basi una la kusema.

Vibali usiviache mwisho. Tanzania Bara kibali cha utafiti kinapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Zanzibar wana utaratibu wao peke yake kwa hiyo cha Bara hakikutoshi, Kenya ni NACOSTI, tume yao ya mambo hayo. Ukitaka kuweka rekodi hadharani hilo ni jambo lingine kabisa, kuna hakimiliki, na ofisi zake ni COSOTA kwa Bara na COSOZA kwa Zanzibar, na zaidi ya sheria kuna familia. Idhini iombe kwa maneno mepesi na uirekodi, mwambie utafanya nini na sauti yake na nani ataisikia, na mwambie anaweza kukupigia kesho akasema kile kipande kitoe. Na akisema kitoe, kitoe.

Vifaa kwa haraka: rekodi kwa WAV, 48 kHz na biti 24, MP3 ni ya kutumiana tu. Zima feni, au sogea nayo mbali, feni inameza konsonanti na ukifika nyumbani huwezi kujua kasema "kanitupa" au "kanituma". Mwanzoni mwa kila faili sema mwenyewe tarehe, mahali na uliye naye. Jina la faili lianze na tarehe. Nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Na yale yasiyonaswa, nani kaingia, nani kanyamaza alipotajwa fulani, yaandike usiku ule ule, asubuhi yameshayeyuka.

Ukianza kuandika, weka ubeti mzima kwanza ndio maelezo, msomaji ausikie wimbo kabla hajakusikia wewe. Walipopishana watu acha wapishane, taja kwamba mmoja kasema hivi na mwingine vile, usiwapatanishe kwa sentensi yako. Na kabla hujapeleka kwa msimamizi itoe ile sura kwenye karatasi, rudi kwa yule bibi, msomee sehemu inayomhusu kwa sauti, na uwe na kalamu mkononi, kwa sababu atakusimamisha katikati akwambie "hapana, kuna ubeti mwingine hapo", na atauimba.