Dondoo: ukipata saini yake, soma na za majirani

Unamtafuta mwanamke wa shamba aliyetia saini ombi la haki ya wanawake kupiga kura New Zealand mwaka 1893? Usiishie kwenye jina lake. Soma karatasi nzima. Wakusanyaji walipita nyumba kwa nyumba, hivyo jina la juu yake na la chini yake mara nyingi ni la jirani, dada au wifi. Mimi hunakili majina kumi ya juu na kumi ya chini kabla ya hatua nyingine yoyote.

Fanya hivyo hasa pale alipoandika "Mrs" na herufi za mumewe tu. Inauma kuona jina lake mwenyewe limefunikwa hivyo, lakini linapatikana. Nenda kwenye daftari la wapigakura la 1893. Sheria ya kuwapa wanawake kura ilitiwa saini Septemba 19, uchaguzi ukawa Novemba 28, na wanawake wengi sana waliwahi kujiandikisha. Humo utakuta jina lake, makazi na kazi. Kisha ingia Papers Past, hazina ya magazeti ya zamani, bure mtandaoni, utafute jina la kijiji badala ya la mtu.

Na utazame mwandiko. Kate Sheppard, kiongozi wa kampeni hiyo ya kura, aligundisha karatasi hizo zikawa msokoto mmoja mrefu, wenye saini zaidi ya 25,000. Ukiona majina matatu yanayofuatana kwa mkono uleule, huenda mmoja aliwaandikia wenzake, na tahajia ya majina yao inaweza kuwa na makosa. Jaribu tahajia nyingine.