Kabla ya Tangazo: Mambo ya Kuzingatia kwa Kaya za Tanga Kuhusu Hali ya Hatari na Haki za Raia

Jambo la kwanza ambalo kaya yoyote ya Tanga inapaswa kulifahamu mapema ni nani mwenye mamlaka ya kutangaza nini. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 haina ibara inayolikabidhi jeshi utawala wa raia. Kilichopo ni ibara ya 32, inayompa Rais uwezo wa kutangaza hali ya hatari katika nchi nzima au sehemu yake, iwapo nchi iko vitani, inakaribia kuvamiwa, amani imevurugika kiasi cha kuhitaji hatua za pekee, au kuna balaa linalotishia jamii. Mkuu wa mkoa hana uwezo huo, wala kamanda wa polisi. Amri ya kutotoka nje usiku, kama ile iliyotolewa Dar es Salaam tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, inabana maisha kweli, lakini peke yake si tangazo la hali ya hatari. Kwa hiyo, mkisikia amri yoyote, ulizeni kwanza imetolewa na nani, inahusu eneo gani na inaanza saa ngapi, kisha yaandikeni majibu hayo pamoja na tarehe.

Tarehe ina uzito wake. Tangazo la hali ya hatari hupelekwa kwa Spika, Bunge huitishwa ndani ya siku zisizozidi 14, na lisipoungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote katika muda huo, linakoma. Likiungwa mkono, hudumu miezi 6, nayo inaweza kuongezwa kwa kura za kiwango kilekile. Nguvu ya kipengele cha namna hii ilionekana Korea Kusini usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, Rais Yoon Suk Yeol alipotangaza utawala wa kijeshi na jeshi likapiga marufuku shughuli za Bunge. Wabunge 190 waliofanikiwa kuingia ukumbini walipiga kura ya kutaka tangazo liondolewe, bila hata mmoja kupinga, na kabla hakujapambazuka lilikuwa limeondolewa. Ni vyema kila mpiga kura amjue mbunge wake na namna ya kumpata, maana kura hiyo ni yake.

Sasa tuje kwenye haki zenyewe, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi hudanganyika na kudhani kwamba hali ya hatari ikitangazwa haki zote zimekufa. Ibara ya 31 inaruhusu sheria ya Bunge kuwezesha hatua zinazokiuka ibara ya 14 na ya 15, yaani haki ya kuishi na haki ya kuwa huru, tena kwa kadiri tu ambayo hatua hizo ni za lazima na halali. Na kuhusu uhai, ibara hiyohiyo inasema hauwezi kuondolewa isipokuwa kwa kifo kilichosababishwa na matendo ya kivita. Marufuku ya kumtesa mtu au kumpa adhabu za kinyama imo katika ibara ya 13, nayo haikutajwa miongoni mwa zinazoweza kukiukwa kwa njia hiyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976, unakataza mateso hata wakati wa dharura inayotishia uhai wa taifa. Uhuru wa kusafiri, wa kukusanyika na wa kutoa maoni unaweza kuwekewa mipaka na sheria kwa maslahi ya umma, na kwa kweli ndio unaoanza kubanwa. Kuna pia Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962, ambayo Rais anaweza kuitumia hata pasipo hali ya hatari. Binafsi naiona ndiyo inayostahili kuogopwa zaidi, kwa sababu haihitaji shauri la jinai kufunguliwa.

Watu wa pwani hii wanajua utawala wa kijeshi unavyoweza kuwa. Hapo Pangani, Desemba 1889, Wajerumani chini ya Wissmann walimnyonga Abushiri bin Salim siku chache tu baada ya kumkamata.

Taratibu za kawaida za ukamataji zinafaa kujifunza zingali zinatumika bila vikwazo. Aliyekamatwa aelezwe sababu. Aliyekamatwa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, na ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kitu kinachochukuliwa katika upekuzi, iwe simu, kompyuta au leseni ya chombo, kinatakiwa kutolewa stakabadhi. Kabla ya kusaini maelezo yoyote au kutia dole gumba, yasomwe; asiyejua kusoma asomewe mpaka neno la mwisho.

Mambo hayo hayana msaada mkubwa iwapo nyumbani hakuna anayejua ndugu yao yuko wapi. Mahakama Kuu inaweza kuombwa imwamuru anayemshikilia mtu amlete mbele yake, na Tanga tunayo masijala yake, lakini ombi la namna hiyo linasimama juu ya kiapo, na kiapo kinataka maelezo mahususi: alikamatwa wapi, saa ngapi, na nani, gari lilielekea wapi. Ndiyo maana nasisitiza daftari. Liwe daftari la kawaida la shule, na ukurasa wa kwanza uandikwe kwa kalamu ya wino namba za simu za wakili au msaidizi wa kisheria, mwenyekiti wa mtaa, imamu au padri, na ndugu wawili, mmoja wao akiwa anaishi nje ya mji. Kurasa zinazofuata ziachwe kwa tarehe, saa, mahali na majina ya walioshuhudia.

Namba ziandikwe kwenye karatasi kwa sababu simu ni kitu cha kwanza kupotea. Wapolandi waliamka Jumapili ya tarehe 13 Desemba 1981, siku utawala wa kijeshi ulipotangazwa kwao, wakakuta simu hazifanyi kazi, na ziliporudishwa sauti ilimkumbusha mpigaji kwamba mazungumzo yanasikilizwa. Sisi wenyewe tuliona Oktoba 2025 intaneti ikizimwa nchini. Kaya iwe na fedha taslimu kidogo za unga, maji na nauli, na makubaliano ya nani atamfuata mtoto shuleni.

Shughuli za usiku zinahitaji mpango wake. Mvuvi wa dagaa wa Sahare hutoka kukiwa na giza, huvuta nyavu zake kwa taa, na pengine hurudi alfajiri saa ambazo amri ya kutotoka nje bado inafanya kazi. Mama mjamzito wa Makorora hachagui saa ya uchungu ili afike hospitali ya Bombo kabla ya jua kuzama. Kamati za wavuvi na viongozi wa mitaa wadai mapema, kwa maandishi, utaratibu wa vibali, na kila mtu atembee na kitambulisho cha taifa. Nje ya kibali, asitoke mtu kwa ukaidi. Kizuizini si mahali pa kubishania uhalali wa amri. Hoja hiyo itafika mahakamani ikiwa imebebwa na aliye salama.

Nyaraka zitunzwe hata baada ya amri kuondolewa. Huko Ufilipino, Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi Septemba 1972, na sheria ya kuwalipa fidia waathirika ilipitishwa mwaka 2013. Waliotambuliwa walikuwa 11,103, na kila mwombaji alitakiwa kuleta kiapo na ushahidi. Nakala za vyeti vya kuzaliwa, hati za nyumba, stakabadhi za upekuzi na karatasi za matibabu ziwe seti mbili, moja ndani ya nyumba na nyingine kwa ndugu aliye Muheza au Lushoto, na fomu ya polisi ya matibabu, PF3, isiachwe hospitali bila kutolewa nakala.