Somo: Kumfunga mtoto kwenye kiti cha gari akiwa na nepi ya kitambaa

Wazazi wenzangu, wengi mmeambiwa kwamba mtoto anayevaa nepi ya kitambaa hafai kukalishwa kwenye kiti cha gari. Anafaa. Tatizo ni kwamba nepi nene humwinua mtoto na kumsogeza mbele, kwa hiyo mkanda uliomkaa vizuri jana akiwa na pampasi leo haumkai vilevile. Mpime upya kila unapobadilisha aina ya nepi.

1. Mbadilishe kabla ya kutoka. Avae nepi kavu yenye tabaka za kawaida. Ile ya usiku, yenye padi mbili tatu, iache kitandani. Kitambaa cha ziada kikunje mbele au katikati, kisijazane nyuma. Hapa naomba msiharakishe: nepi ikirundikana nyuma ya makalio, nyonga husukumwa mbele, mgongo unapinda, na kwa mtoto mchanga kidevu huangukia kifuani. Shingo yake haina nguvu ya kuinua kichwa, na njia ya hewa inabanwa kimyakimya. Hatalia.

2. Kama unafunga kwa pini, kwa safari tafuta nepi ya vifungo vya kubonyeza au ya velkro. Pini iliyolala chini ya mkanda inaweza kufunguka.

3. Mkalishe makalio yakiwa yamefika kabisa nyuma. Pitisha vidole nyuma ya kiuno chake. Ukikuta uwazi mkubwa, mtoe, ilaze nepi vizuri, mrudishe.

4. Angalia mabega na kichwa. Mtoto anayetazama nyuma ya gari, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Anayetazama mbele, itokee usawa wa mabega au juu kidogo. Huyu wa pili ndiye nepi inayomponza zaidi: ikimpandisha kidogo tu, mabega yanaweza kupita tundu la mkanda, na hapo inabidi upandishe mikanda. Anayetazama nyuma, hakikisha bado kuna angalau sentimita 2.5 kati ya utosi wake na ukingo wa juu wa kiti, isipokuwa kitabu cha maelekezo kiseme vingine.

5. Mkanda wa katikati ya miguu. Viti vingi vina nafasi zaidi ya moja za kuuchomeka, na wazazi wengi hawajui. Kwa nepi nene huenda ukahitaji kuusogeza, mradi mtoto asiukalie. Mikanda ya pembeni ilale juu ya mapaja na nyonga. Ikipanda juu ya ukingo wa nepi hadi tumboni, fungua uanze upya, maana gari likigongwa nguvu yote itaangukia tumbo badala ya mifupa.

6. Kaza, kisha jaribu kuubana mkanda wa begani kwa vidole viwili karibu na mtulinga. Ukiweza kukunja hata kidogo, bado umelegea.

Kuhusu kuvuja: kitambaa cha maikrofaiba ni kama sponji, kikikandamizwa na mkanda hutema mkojo. Pamba hustahimili mkandamizo vizuri zaidi. Mkanda ukilowa, ufute kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini. Usiuloweke wala usiutie klorini, nyuzi zake hudhoofika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Naweza kutandika taulo au plastiki chini yake ili kiti kisilowe?
Jibu: Hapana, mpendwa. Usiweke kitu chochote kati ya mtoto na kiti kama hakikuja na kiti hicho au hakikuruhusiwa na waliokitengeneza. Plastiki huteleza, na taulo likikandamizwa kwenye ajali mkanda unabaki umelegea. Afadhali mvalishe kaptura ya sufu juu ya nepi.

Swali: Wangu ana wiki tatu, na kila nepi ninayomvalisha anainama mbele.
Jibu: Hongera, mama. Kwanza angalia kama kiti kimelala kwa pembe inayotakiwa. Kama kitabu chake kinaruhusu, kunja kitambaa kidogo ukiweke kati ya nepi na mkanda wa katikati, kisiende mgongoni. Akiendelea kuinama, kwa safari mvalishe nepi nyembamba, hata pampasi.

Swali: Tuna safari ya saa sita. Nepi itafika?
Jibu: Msiipangie ifike. Simameni kila baada ya saa mbili, mtoeni kwenye kiti, mbadilisheni, anyooke. Akilia njiani, egesheni kwanza. Usimfungue gari likiwa linatembea.

Swali: Mume wangu hulegeza mkanda kidogo, anasema nepi inambana mtoto na kumwachia alama mapajani.
Jibu: Dada, mshukuru shemeji kwa kumwonea mtoto huruma, lakini mkanda usilegezwe. Mvueni nepi muone alama zilipo. Zikifuata lastiki ya nepi inayozunguka paja, nepi imekuwa ndogo, sogezeni vifungo hatua moja. Zikiwa duara ndogondogo nyongani, ni vifungo vya nepi vilivyokandamizwa na mkanda, na nepi ya velkro itawafaa zaidi.