Safari ndefu ya miguu ikiwa imebaki wiki moja

Ukiamua leo kwamba wiki ijayo unaanza kutembea mwezi mzima na mzigo mgongoni, usijaribu kujenga nguvu ndani ya siku saba. Mwili haujengeki hivyo, na mazoezi ya kukurupuka yatakufikisha mwanzo wa njia ukiwa umeshaumia. Mazoezi utayafanya njiani, siku za kwanza. Wiki hii ni ya kibali, viatu na uzito.

Kibali cha kutembea njia hiyo kinatangulia, kabla hujanunua hata soksi. Njia nyingi maarufu zina ukomo wa watu kwa siku, na nafasi huisha miezi kabla. Ukikosa, uliza kama unaweza kuanzia kituo kingine, siku ya katikati ya wiki au upande wa pili wa njia. Ikishindikana, chagua njia isiyo na ukomo. Uliza pia hali ya theluji na mito kwa msimu huo, maana hayo huwa hayana njia ya mkato.

Viatu vinunuliwe siku hiyohiyo, jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvijaribu ukiwa na soksi utakazotembea nazo. Chukua vilivyozidi saizi yako kwa nusu au moja nzima: baada ya siku kadhaa za mzigo miguu hutanuka, na kwenye mteremko vidole hugonga mbele mpaka kucha zinakuwa nyeusi. Buti ngumu za ngozi huhitaji wiki kadhaa kulainika, kwa hiyo kwa muda huu ziache. Viatu vyepesi vya kukimbilia njia za milimani vinafaa zaidi. Vivae kila siku, kisha tembea navyo kilomita 10 ukiwa na begi lote.

Malengelenge ndiyo huwarudisha watu nyumbani mapema. Huanza na sehemu ndogo ya ngozi inayopata joto, mara nyingi kisigino au pembeni mwa kidole kidogo. Hapohapo simama. Vua kiatu, kausha mguu, toa mchanga, bandika plasta ya kitambaa bila mikunjo, badilisha soksi. Ni dakika tano tu. Anayesema “nifike kwanza pale juu” hufika ngozi ikiwa imeshatengana, na hapo plasta haisaidii tena kama ingesaidia mwanzo.

Sasa mizani. Pima kila kitu kimojakimoja na uandike. Lenga kilo 8 bila chakula wala maji. Chakula kikavu ni gramu 700 hadi 900 kwa siku. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kwa siku tano na lita mbili za maji, jumla ni kama kilo 14, yaani asilimia 20 ya uzito wa mtu wa kilo 70, na tusingependa uzidi hapo. Ndiyo maana panga kununua chakula njiani kila baada ya siku nne au tano. Vitu vizito ni hema, fuko la kulalia na begi lenyewe: azima au kodisha ukiweza. Begi lichague mwisho, ukishajua litabeba nini. Ukilivaa, legeza kwanza mikanda ya mabega, kaza mshipi juu ya mifupa ya nyonga, kisha urudi mabegani. Mzigo mwingi ubebwe na nyonga.

Usiku mmoja lala nje ndani ya hema hilo na upike kwa jiko hilo. Huko ndiko utakakogundua mambo yaliyopungua, au godoro la kujaza hewa linalovuja. Fuko la kulalia lichaguliwe kwa nyuzijoto iliyoandikwa kuwa ya kulala vizuri, si ile ya mwisho ya kuvumilia. Kichujio cha maji chenye nyuzi ndani kikiganda huharibika bila kuonyesha, hivyo usiku wa baridi lala nacho. Mtungi wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege, nunua ukifika.

Wiki ya kwanza usizidi kilomita 12 hadi 16 kwa siku, hata ukijisikia na nguvu. Misuli huzoea upesi, kano huchelewa sana, na uvimbe wa kano ya kisigino unaweza kukusimamisha wiki nzima. Maumivu yanayopungua ukishapata moto yavumilie. Yanayozidi kadiri unavyotembea yanataka siku nzima ya kupumzika. Kukadiria muda, hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda, kisha ongeza mapumziko. Ukiwa na mzigo, hesabu hiyo bado ni ya haraka.

Mwachie mtu mmoja ratiba, majina ya vituo, na siku na saa ya kuwaita waokoaji kama hajakusikia. Ongeza humo siku moja ya kuchelewa, kwa sababu mto uliojaa unaweza kukuzuia hadi kesho yake.