Kupata Marafiki Ujerumani: Anzia kwenye Verein

Aliyezoea majirani kupita jioni kusalimia hukuta Ujerumani kimya. Jirani anaweza kukusalimu kwenye ngazi mwaka mzima asikukaribishe ndani, na wala hana kinyongo nawe. Huku watu hujuana kwa kukutana mara kwa mara, siku ileile na saa ileile. Mahali pake ni Verein, yaani chama cha wanachama. Vilivyosajiliwa ni zaidi ya 600,000: mpira, kwaya, sataranji, bustani, hata vyama vya zimamoto la kujitolea, ambavyo vijijini huunganisha watu sana.

Tafuta kwenye intaneti jina la mji wako, neno Verein na jambo unalolipenda. Andika barua pepe fupi kuomba Probetraining, siku ya kujaribu. Kwa kawaida hailipiwi. Fika dakika tano kabla, na utaje jina lako kwa kila unayemsalimu. Mazoezi yakiisha, usikimbilie basi. Wengi hubaki kunywa kitu, na urafiki huanzia hapo zaidi ya uwanjani. Usiyetumia pombe agiza Apfelschorle, juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi. Hutaonekana wa ajabu. Kukiwa na sherehe ya chama, jitolee kupanga meza au kuleta chakula. Sahani ya sambusa itakutambulisha haraka kuliko Kijerumani chako.

Kabla ya kutia sahihi, soma kifungu cha Kündigung, yaani kujitoa. Vyama vingi huruhusu kutoka mwisho wa nusu mwaka au wa mwaka tu, kwa taarifa ya mapema ya maandishi. Ukiacha kwenda bila kuandika, ada itaendelea kukatwa benki.

Kwa lugha, kozi za jioni za Volkshochschule, yaani kituo cha elimu ya watu wazima, ni nafuu, na wanaosoma nawe nao ni wageni wanaotafuta watu. Njia nyingine wengi hawaifikirii: vyuo vikuu vya Leipzig, Bayreuth, Hamburg na Köln vina wanafunzi wa Kiswahili wanaohitaji mtu wa kuzungumza naye. Waandikie walimu wa idara, uombe mwenzi wa Tandem, yaani wa kufundishana lugha. Saa moja kwa wiki inatosha, nusu Kiswahili, nusu Kijerumani. Wekeni saa mezani, la sivyo mtaishia kwenye Kiingereza.

Mialiko ndiyo huwaponza wengi wetu. Ukisema "karibu nyumbani siku yoyote," mwenzako atangoja tarehe, nawe utadhani amekudharau. Taja siku na saa, wiki mbili kabla. Ukiambiwa "halb drei," ni saa nane na nusu mchana, si saa tisa na nusu. Mkahawani kila mtu hulipa chake, isipokuwa aliyealika kasema atalipa. Usimpongeze mtu kwa siku ya kuzaliwa kabla haijafika, maana huhesabiwa ni mkosi. Na yako ikifika, wewe ndiye unayepeleka keki kazini. Muziki upunguzwe ikifika saa nne usiku, kwani majirani wana haki ya kuita polisi.

Haya yote yaanze Septemba, kozi zinapofunguliwa. Anayengoja Novemba, giza linapoingia kabla ya saa kumi na moja jioni, huona uzito hata kutoka nje.