Kufunga Feni Zinazofuata Joto Kwenye Kompyuta ya Bei Nafuu

Ofisi yangu ya kuchapa na kutoa nakala ipo Ngamiani, Tanga. Ndani yake kuna pangaboi moja, mashine ya fotokopi na kompyuta mbili za mezani ambazo nilizinunua kwa kujibana. Msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kipimajoto changu cha ukutani husoma digrii 32 adhuhuri hata mlango ukiwa wazi, na kwa muda mrefu kompyuta moja ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga tangu tunapofungua hadi tunapofunga. Feni zake zilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni mpangilio wa kuziambia wakati gani zikimbie na wakati gani zitembee, na mpangilio huo, kama nitakavyoeleza, hauhitaji fedha nyingi, bali unahitaji jioni moja yenye utulivu na bisibisi ya nyota.

Kabla ya kushika bisibisi hiyo, ni vyema jambo moja lieleweke, kwa kuwa hesabu zote zinazofuata zinalitegemea. Feni haitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kutoa hewa iliyopata moto ndani ya kasha, lile sanduku la bati ambalo wateja wangu wengi huliita sipiyu, na kuingiza hewa ya chumbani mahali pake. Hata ukifunga feni sita, ndani ya kasha hakutakuwa na ubaridi kuliko chumba ulichokaa. Maelekezo mengi yanayopatikana mtandaoni yameandikwa na watu ambao vyumba vyao vina digrii 20 au 22, nao hushauri feni zianze kuongeza mwendo joto la kasha linapofika digrii 30. Mtu wa Tanga akizinakili namba hizo, feni zake hazitapumzika hata dakika moja, kwa sababu chumba chenyewe kimeshavuka mstari wa kuanzia kabla kompyuta haijawashwa. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza.

Sasa tuzitazame feni zenyewe. Zinazotumika zaidi kwenye makasha ya kawaida ni za upana wa milimita 120, zinazotumia umeme wa volti 12, na hutofautiana kwa idadi ya matundu kwenye plagi. Yenye waya mbili hupokea umeme tu: haiwezi kutoa taarifa ya mwendo wake. Yenye waya tatu ina waya wa hasi, wa volti 12 na wa tatu unaopeleka taarifa ya mizunguko kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwa kawaida mapigo mawili kwa kila mzunguko mmoja. Mwendo wake hupunguzwa kwa kupunguza volti, na volti zikishuka mno husimama. Yenye waya nne hupata volti 12 wakati wote, na waya wa nne huleta amri kwa mapigo ya haraka, takriban 25,000 kwa sekunde, ambayo huielekeza feni ikimbie kwa asilimia ngapi ya nguvu zake. Ya waya nne ndiyo ninayoipendekeza kwa anayenunua upya, kwa kuwa inaweza kwenda polepole bila kusitasita. Lakini usitupe za waya tatu ulizonazo, kwani mazabodi nyingi huzimudu vizuri zikiwekewa mpangilio unaofaa. Ipo pia aina yenye plagi pana ya matundu manne makubwa inayochomekwa moja kwa moja kwenye waya za pawasaplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha; hiyo itakimbia kwa nguvu zote hadi siku ya kufa kwake, na hakuna mpangilio utakaoifikia.

Fungua kasha ulitazame kabla ya kwenda dukani. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, na ushike bati la kasha kabla ya kugusa kitu kingine. Kwenye mazabodi tafuta pini zilizosimama karibu na maandishi madogo kama CPU_FAN, SYS_FAN au CHA_FAN. Ya kwanza ni ya feni iliyo juu ya prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, nayo iachwe kama ilivyo. Zinazofuata ndizo za kasha. Mazabodi za bei nafuu mara nyingi huwa na sehemu moja tu ya feni ya kasha, au mbili. Ikiwa ni moja nawe una feni mbili, nunua kebo ya kugawa yenye mdomo mmoja wa pini zote nne na mwingine wa pini tatu. Pini inayokosekana, ile ya taarifa ya mizunguko, imeachwa kwa makusudi: mazabodi inaweza kusoma mizunguko ya feni moja tu katika sehemu moja, na zikileta taarifa mbili kwa pamoja namba itakayoonekana haitakuwa na maana.

Usigawe bila kupiga hesabu. Sehemu nyingi za feni kwenye mazabodi zimetengenezwa kubeba ampea 1, na kiwango cha kila feni kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katikati yake, kwa mfano ampea 0.25. Feni mbili za namna hiyo ni nusu ampea, nazo hazina tatizo. Tatu ni 0.75, nami huishia hapo, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme zaidi ya inapokuwa imeshika mwendo. Anayetaka feni nyingi zaidi anunue kigawio kinachopata umeme wake kutoka pawasaplai na kuchukua amri tu kutoka mazabodi.

Wanaonunua kompyuta za mtumba zilizotumika maofisini Ulaya wawe waangalifu zaidi. Baadhi yake zina pini tano au sita, au pini nne zilizopangwa kwa utaratibu wa kiwanda chao wenyewe, na ukichomoa feni ya asili hugoma kuendelea kuwaka mpaka ubonyeze kitufe fulani kwenye kibodi. Kwa kompyuta hizo nunua adapta inayolingana na modeli yako, au iache feni ya asili na uongeze nyingine kwa kigawio. Kukata waya na kuunga kwa kubahatisha rangi ni njia fupi ya kuunguza mazabodi.

Mwelekeo wa hewa ndio unaokosewa na wengi, hata mafundi. Feni huvuta hewa upande ule ambao mapanga yake yako wazi, na huitoa upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota. Baadhi zina mshale mdogo ubavuni, unaoonekana ukiinamisha feni kwenye mwanga. Kwa kasha la kawaida, feni ya mbele iingize na ya nyuma itoe, kwa kuwa hewa ya moto hukusanyika juu, nyuma ya prosesa. Ukiwa na feni tatu, weka mbili mbele na moja nyuma. Hewa inayoingia ikizidi inayotoka, ya ziada itatafuta njia ya kutokea kwenye nyufa za kasha, na vumbi halitaingilia humo. Ikiwa kinyume, kila ufa utanyonya vumbi. Kwa mji ambao mchanga huingia na viatu vya kila mteja, mbele ya feni ya kuingiza pawe na chujio. Duka lisipokuwa nacho, kipande cha chandarua chenye matundu madogo kinafaa, ila kioshwe kila baada ya wiki mbili, maana chujio lililoziba ni baya kuliko kutokuwa nalo.

Namna ninayoipenda ya kuhakikisha mwelekeo ni ya nyumbani kabisa. Nawasha kijiti cha udi, nazima pangaboi, na kukishika kiasi cha shubiri moja mbele ya kasha, majivu yakidondokea kwenye kisahani. Uzi wa moshi hupanda wima, kisha ukifika usawa wa feni hujipinda ghafla na kuingizwa ndani. Nyuma ya kasha moshi husukumwa mbali. Siku ya kwanza nilipofanya jaribio hilo moshi ulikataliwa mbele na kukataliwa nyuma pia: feni zote mbili zilikuwa zikitoa, na hewa ya kuingia ilikuwa ikipita kwenye tundu la sehemu ya sidii, ambako nilikuta vumbi zito kama sufi.

Kufunga kwenyewe ni kazi fupi. Skrubu za feni ni nene na hujichimbia njia kwenye plastiki, kwa hiyo zianze zote nne kwa mkono, kisha zikaze kwa kupishana pembe, bila kutumia nguvu nyingi. Plagi ya waya tatu huingia kwenye pini nne bila matatizo. Ina mfereji unaopaswa kukutana na ulimi wa plastiki kwenye mazabodi, na pini ya nne hubaki wazi. Waya zote zifungwe pembeni kwa vibano, kwa kuwa waya mmoja unaogusa mapanga hutoa mlio utakaokufanya uilaumu feni isiyo na kosa.

Baada ya hapo washa kompyuta na uingie kwenye Bayosi, ile programu ya mipangilio iliyomo ndani ya mazabodi yenyewe, mara nyingi kwa kubonyeza Delete au F2 mfululizo mara tu inapowaka. Tafuta ukurasa wa feni. Swali la kwanza ni namna ya kudhibiti: PWM, yaani amri kwa mapigo, ni ya feni za waya nne; DC, yaani kupunguza volti, ni ya waya tatu. Ukiiweka feni ya waya tatu kwenye PWM, itapata volti 12 zote na kukimbia bila breki, kwa sababu amri inakuja kwenye waya ambao haina. Nakiri kwamba kompyuta yangu ilivuma miezi kadhaa kwa sababu hiyo peke yake, nami nikaamini kwamba feni za bei rahisi ndivyo zilivyo.

Swali la pili ni feni za kasha zifuate joto la nani. Joto la prosesa hupanda na kushuka ndani ya sekunde chache, kila unapofungua faili, na feni zinazolifuata hupanda na kushuka nalo, jambo linalochosha masikio kuliko mvumo wa moja kwa moja. Joto la mazabodi hubadilika taratibu, na ndilo linalokaribiana zaidi na hali ya hewa ndani ya kasha. Kwa chumba changu cha digrii 32 nimeweka hivi: mazabodi ikiwa chini ya digrii 38, asilimia 35 ya mwendo, ikifika 44, asilimia 55, ikifika 50, asilimia 80, na kuanzia 55, nguvu zote. Chumba chako kikiwa na digrii 28, shusha kila joto kwa digrii nne. Ikiwa Bayosi yako inaruhusu kufuata prosesa tu, anza kupandisha kwenye digrii 55 na ufikie nguvu zote kwenye 85, kisha weka ucheleweshaji wa sekunde kadhaa ili feni zisishtuke kwa kila jambo. Feni ya waya tatu usiishushe chini ya asilimia 50 mpaka uhakikishe kwamba inaweza kuanza yenyewe kwa kiwango hicho baada ya kuzimwa. Bayosi zisizo na ukurasa huo kabisa wakati mwingine husaidiwa na programu ya FanControl kwenye Windows, au fancontrol pamoja na lm-sensors kwenye Linux.

Jaribu mchana, si usiku. Ipe kompyuta kazi nzito, kama kubana folda kubwa la picha, kwa dakika 20, huku ukitazama vipimo vya joto kwa programu ya HWiNFO. Prosesa nyingi za mezani hujipunguza mwendo zenyewe zinapokaribia digrii 95 au 100. Ikibaki chini ya 85 katika joto la kaskazi, mpangilio unatosha. Kijana anayenisaidia, alipokuja asubuhi iliyofuata, alisimama mbele ya kasha na kuniuliza, "Mjomba, hii feni imekufa?" Nikamwambia aweke kiganja nyuma yake. Hewa ilikuwa inatoka, vuguvugu, bila sauti.

Hewa ya bahari ina lake pia. Kwa walio karibu na ufukwe, kama Raskazone, chumvi na unyevunyevu hushika pini na skrubu, hivyo kila baada ya miezi mitatu fungua kasha, na pini zenye ukungu wa kijani zifute kwa brashi laini iliyochovywa kidogo kwenye spiriti, ziachwe zikauke. Unapopuliza vumbi kwa blowa, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwani mwendo huo usio wa kawaida huharibu beringi.

Ukimaliza, piga picha ya ukurasa wa feni kwa simu yako. Kwenye kompyuta zilizokwisha kutumika, betri ya duara ya mazabodi, CR2032 ya volti 3, mara nyingi imechoka, na umeme ukikatika usiku mipangilio yote hufutika. Ukikuta asubuhi moja feni zimerudi kuvuma na saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka kadhaa, usiguse feni: badilisha betri hiyo, fungua picha uliyoihifadhi, na uingize namba upya.